Ndimu Kavu

Dada yangu Thuweiba hanunui rangi nyeusi.
Duka la Ruwi linazo, rafu nzima,
muuzaji humwekea kopo moja kaunta kila tukienda
na kila tukienda hulirudisha.
"Nyeusi ya kopo," asema, "ni taa iliyozimwa.
Mimi naitaka ile iliyowaka."

Tena kuna tyubu ndogo imeandikwa rangi ya ngozi.
Aliifungua palepale, akajipaka kiganja cha nyuma:
alama ya waridi, kama plasta juu ya jeraha
ambalo hana.
Tulicheka mpaka garini.
Kufika taa za Wadi Kabir, hakuwa akicheka.

Nyumba yetu iko Sib. Stoo ameigeuza kiwanda,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo,
na mezani, pale wengine huweka maua,
yeye kaweka ndimu kavu, zile za kutia mchuzini,
nyeusi kwa jua, nyepesi mkononi kama ahadi.
Hupasua moja: ndani kahawia, zambarau,
uzi wa dhahabu kando ya kokwa.
"Waliotuita kwa rangi," asema,
"hawakupasua."
Kisha huchanganya buluu na udongo mwekundu,
huonja hewa, huongeza.

Anachora kutoka picha moja tu.
Ni Bibi yetu, jina lake Mgeni,
jina ambalo karani wa pasipoti alilisikia mara tatu
akaandika Maryam, akagonga muhuri.
Picha ilipigwa studio ya Matrah, mwaka
ambao nyumbani kila mtu anao wake,
na fundi, kwa hisani,
bila kuulizwa, bila kudai hata baisa ya ziada,
akampaka Bibi weupe kwa brashi
mpaka akafanana na mke wa mtu mwingine.
Akasahau mikono.
Imekaa mapajani, myeusi, yake,
kama ya mtu aliyeachwa nje ya picha.

Basi Thuweiba alianzia mikononi.
Akapanda nayo polepole, kiwiko, bega, shingo,
rangi ikimrudia Bibi
kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi.

Mama hakutaka.
"Usinianikie ukoo," alisema mlangoni.
"Watu wameshatulia."
Alikuwa na sababu, namtetea.
Miaka miwili nyuma walikuja wageni kumposa Thuweiba.
Walikula halua, wakasifu udi,
Mama akaingia na sinia, wakamtazama,
wakatikisa vikombe: basi, imetosha.
Kwaheri yao ilikuwa na neno asili ndani yake
kama mwiba wa changu ndani ya tonge.
Sinia lile Mama alilisugua siku mbili.

Maonyesho yalikuwa Al-Khuwair,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia.
Mama alikuja. Buibui jipya, mkoba kifuani,
akasimama mbali na ukuta
kama aliyekuja kumngoja mtu.
Mwanamke mmoja, mpole, mwenye pete nne,
akauliza kwa Kiarabu kizuri:
"Huyu alikuwa yaya wenu?"
Thuweiba akafungua kinywa.
Mama akamtangulia, kwa Kiswahili,
lugha anayoifungia jikoni pamoja na gesi:
"Huyo mamangu. Mgeni binti Feruzi."
Mwanamke hakuelewa, akatabasamu.
Mama hakutafsiri.

Akakaribia, akaligusa shavu la mamake.
Rangi ya mafuta haina haraka,
na Agosti ya Maskati hewa yenyewe ni maji;
shavu lilikuwa bado bichi.
Limebaki na kibonyeo, Thuweiba hataki kukiziba.
Mimi nilikimbilia kitambaa,
nikaushika mkono wa Mama,
nikakigeuza kidole kwenye mwanga wa taa,
huku na huku, nikitafuta palipopakika.
Sikupaona.